Pale Basi Lisiposimama

Ramani ilipowaka ukutani, watu wa Saruji walicheka kwanza. Walidhani mtambo umekosea, na mtambo ukikosea mbele za wakubwa ni jambo tamu kulitazama. Mstari wa basi namba tisa, ambao siku zote ulipita katikati ya mtaa wao hadi zahanati, sasa ulikuwa umepinda. Ulifika karibu nao, ukawapa kisogo, ukavuka daraja la mfereji na kwenda kuishia mahali palipoandikwa Kota.

"Kota ipi hiyo?" aliuliza Bi Stamili Ngonyani, mwenyekiti wa mtaa wa Saruji, mama ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. "Si ile iliyovunjwa?"

"Ndiyo hiyohiyo, Mwenyekiti," alijibu Nyamizi.

"Huko kuna nani siku hizi?"

Nyamizi Mayunga alikuwa ofisa usafiri wa Manispaa ya Magharibi, na kuwasomea watu mapendekezo ya njia mpya ndiyo iliyokuwa kazi yake. Isitoshe, yeye mwenyewe alizaliwa Kota, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake alipokuwa gadi wa treni. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu mmoja ukumbini aliyejua jibu, ni yeye.

"Hakuna mtu," alisema. "Kuna nyasi."

"Haya, jamani, mmesikia? Basi letu wanapelekewa nyasi."

Watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko hakikuwa na utamu. Mama mmoja kijana aliyekaa mstari wa mbele, tumbo limemjaa hadi magotini, hakucheka kabisa. Alikuwa akiutazama ule mstari uliopinda kama mtu anayetazama maji yakiingia ndani kwake, na Nyamizi akajikuta anakwepa macho yake.

Aliwaahidi kwamba atachunguza. Mapendekezo bado yalikuwa mapendekezo, njia mpya zisingeanza kabla ya masika, na kisheria ofisa ana nafasi ya kuyapinga akiwa na sababu. Bi Stamili akamwambia sababu anayo mbele yake, ana mimba ya miezi minane, na amekuja kwa miguu.

*

Mtambo wenyewe watu waliuita Mshonaji, na si kwa dharau. Zamani manispaa ilipanga njia kwa kuhesabu tiketi, na ubaya wa tiketi ni kwamba humhesabu aliyepata basi tu. Aliyelikosa akabaki nyumbani na homa yake hana tiketi, na asiye na tiketi, mbele ya wapanga njia, hakuzaliwa. Ndipo wakaja na Mshonaji, ambaye hakuhesabu tiketi wala vichwa. Alisikiliza mioyo.

Kila kiti cha basi kilikuwa na utando mwembamba mgongoni uliosikia mapigo ya aliyekaa. Basi nalo, ambalo halikuwa na dereva wala kondakta, lilitaja kwa sauti kila mahali lilipopakaribia, hata pale lisiposimama, hata pale lisipopita ila kwa mbali. Lisipotaja, litajuaje nani anapataka? Likisema "Zahanati", moyo wa mgonjwa aliyekata tamaa ya kufika huko huruka, apende asipende. Likisema "Sokoni", moyo wa mama mwenye mihogo yake huruka. Mshonaji aliikusanya mirukoruko hiyo, kila moyo kwa namba yake bila jina la mwenyewe, kisha akavuta uzi kutoka kwa mtu hadi anakotamani, na nyuzi zikikaza vya kutosha basi hufuata.

Tena alifundishwa kutotazama wingi peke yake. Moyo mmoja unaoruka kwa nguvu, kila siku, pasipo kuchoka, aliupa uzito kuliko mia inayoruka kidogo na kusahau. Kwa njia hiyo aliwahi kumpelekea basi mzee wa figo aliyeishi peke yake mwisho wa jiji, kabla hata madiwani hawajajua kwamba mzee ni mgonjwa. Siku ile watu walimpenda Mshonaji, na Nyamizi aliyekuwa mgeni kazini alitokwa na machozi.

Kulikuwa na kanuni nyingine, ndogo, ambayo hakuna aliyeijali. Jina lisiloitikiwa na moyo wowote msimu mzima, basi huacha kulitaja. Ndivyo lilivyopotea jina la sinema ya zamani, na la kiwanda cha nyuzi. Maofisa hawakuruhusiwa kuongeza jina kwa mkono, maana walipokuwa wakiruhusiwa, madiwani waliingiza majina ya baa zao.

*

"Ni mmoja," alisema Hilari.

Hilari Nditi ndiye aliyekuwa fundi wa Mshonaji, kijana mwembamba asiyeishiwa karanga mfukoni. Alikuwa amefungua nyuzi zote zinazoivuta namba tisa, na kioo kizima kilijaa rangi upande wa Saruji. Upande wa Kota palikuwa na uzi mmoja, mnene kama kamba ya ng'ombe.

"Haiwezekani," alisema Nyamizi. "Walihamishwa watu wote wa Kota, kaya kwa kaya. Wengi bado wanapanda tisa."

"Mwanzoni mioyo yao iliruka kweli, nimeiona. Baadaye wakazoea. Wewe mwenyewe si wa Kota? Moyo wako haujaruka hata mara moja tangu viti hivi vifungwe, dada yangu. Nimekutazama."

"Unanitazama moyo wangu wa nini?"

"Wa majaribio tu." Hilari alitafuna karanga. "Huyu mwingine hajazoea. Anapanda asubuhi jua likishapanda, watu wa kazini wakiwa wameshapita. Anakaa kiti kilekile cha dirishani, upande wa kulia. Anakwenda mpaka mwisho wa njia, hashuki, anarudi nalo. Likitaja Kota likienda, moyo unaruka. Likitaja likirudi, unaruka vilevile. Sijaona moyo wa namna hii hata kwa wagonjwa."

"Ni mtu anayetuchezea."

"Kama anatuchezea, basi mnyamazishe, ndiyo dawa yake. Bonyeza, kwisha, Saruji wanapata basi lao."

Kumnyamazisha mtu kulikuwa ndani ya madaraka ya ofisa. Kuliwekwa kwa ajili ya wajanja waliojitisha kwa makusudi ili moyo uruke na basi lipite mbele ya maduka yao. Ofisa anaujibu mtambo swali moja tu, na moyo ule hausikilizwi tena, katika basi lolote, kwa safari yoyote. Mwenye moyo angeweza kupanda kama kawaida, ila angekuwa mzigo tu kitini. Hata akija kuugua, hakuna njia itakayopinda kwa ajili yake.

Nyamizi akasema hawezi kumfanyia mtu hivyo bila kumwona uso. Hilari akamkumbusha kwamba kumtafuta mwenye moyo ni kinyume cha taratibu. Nyamizi akamjibu kwamba kupanda basi la umma si kinyume cha taratibu zozote.

*

Alipanda kesho yake, akakaa nyuma kabisa. Basi lilikuwa na watu wachache, wauza mboga wawili waliokuwa wakirudi na matenga matupu, na mwanafunzi mmoja aliyesinzia. Sauti ya basi ilitaja mahali baada ya mahali, sauti safi ya kike isiyo na kabila, na Nyamizi akagundua kwamba miaka yote ile hakuwahi kuisikiliza hata siku moja.

Kwenye maghorofa ya waliohamishwa, basi lilisimama akapanda mama mmoja aliyejifunga kitenge cha kijani na kilemba cha rangi hiyohiyo. Alipanda kwa taabu, akiutanguliza mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto uliovimba. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani upande wa kulia, akaketi, akapakata mikono.

Alikuwa mama yake.

Mama yake aliyemwambia kila akipiga simu kwamba ameshinda ndani, miguu hairuhusu. Mama yake aliyekataa kwenda hata harusini kwa sababu ya ngazi za basi. Alijiinamisha nyuma ya matenga ya wauza mboga kama mwizi, akawa anakitazama kile kilemba.

Basi lilishika barabara ya mfereji. Kabla ya daraja, yule mama alinyoosha mgongo. Akajitengeneza kilemba, akajikung'uta vumbi kwenye kitenge ambalo halikuwepo, kama mtu aliyeambiwa mgeni ameshafika mlangoni. Nje ya dirisha, ng'ambo ya maji, kulikuwa na uwanja wa nyasi ndefu uliozungushiwa wavu.

"Kota," likasema basi.

Mama yake alifumba macho. Hakulia wala hakutikisika. Alikaa tu hivyo, uso umetulia, hadi daraja lilipobaki nyuma, ndipo akafumbua macho na kuegemea, ameridhika kama mtu aliyekunywa maji.

Nyamizi alishuka kituo kilichofuata, akarudi ofisini kwa miguu, na watu wawili waliomsalimia njiani hakuwaitikia.

*

Jumamosi alikwenda kwa mama yake na kilo ya sukari. Mama alikuwa jikoni, anachemsha michembe, vile viazi vitamu vikavu, na kuipondea karanga kama alivyofanya tangu Kota, chakula ambacho Nyamizi akikisikia harufu tu hurudi kuwa mtoto.

"Umekonda," alisema mama. "Hiyo kazi yenu inawala."

"Mama, nilikuona kwenye basi."

Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Siku gani?"

"Jumanne. Na nadhani hata ningepanda siku nyingine ningekuona."

Mama alipunguza moto. Alivuta kigoda, akaketi polepole, akaunyoosha ule mguu mbaya mbele yake. Kwa muda alikuwa anautazama mguu, si binti yake.

"Ni kosa kupanda basi?"

"Si kosa. Ila nataka kujua Kota kuna nini. Mimi nimezaliwa pale, na sikumbuki cha kumfanya mtu afumbe macho."

"Wewe huwezi kukumbuka. Ulikuwa hujazaliwa."

Nyamizi akakaa chini, palepale sakafuni, kama zamani.

"Kabla yako nilizaa," alisema mama. "Mtoto wa kiume. Baba yako alikuwa safarini na treni. Alizaliwa vizuri tu, ana nywele, analia. Hakufikisha siku za kutolewa nje. Asubuhi moja nilimwamsha anyonye, hakuamka."

Nyamizi alishika mkono wa mama yake. Mama hakuuondoa, lakini hakuushika pia.

"Wamama wa Kota wakaja. Walimwosha, wakamfunga kwenye kanga yangu mpya, wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na bafu, mahali penye ubaridi. Watoto wa namna ile ndivyo walivyozikwa, hawapelekwi makaburini kwa watu wazima. Hapakuwa na turubai wala kahawa. Mtoto ambaye hajatolewa nje hana msiba. Wakaniambia nisilie, nikilia nitafunga tumbo, sitazaa tena. Basi nikanyamaza. Baba yako aliporudi, wakamwambia wao. Yeye hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Ulipozaliwa wewe, watu wakafurahi, wakaniita Mama Nyamizi. Nikaitika. Mpaka leo naitika."

Michembe ilikuwa inachemka yenyewe.

"Walipokuja kutuhamisha," mama aliendelea, "walipita nyumba kwa nyumba wanauliza, mna makaburi hapa? Wenye makaburi walihamishiwa watu wao, wakajengewa na saruji juu. Baba yako akajibu, hatuna. Hakusema uongo, alijibu vile watu wote wangejibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema moyoni, nikitamka leo watauliza miaka yote hii ulikuwa wapi. Nikanyamaza tena. Wakaleta tingatinga."

"Alikuwa anaitwa nani, Mama?"

"Hakufikia kupewa jina."

"Sasa ukimkumbuka unamwitaje?"

"Simwiti." Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge, haraka, kama anayefuta jasho. "Basi ndilo linalomwita. Linafika pale darajani, linataja, kwa sauti nzuri, mbele za watu. Hakuna mtu aliyewahi kumtaja mbele za watu, Nyamizi. Mimi mwenyewe mama yake sijawahi. Siku ya kwanza nililisikia kwa bahati tu, nilikuwa naenda hospitali. Nikashindwa kushuka."

*

Ilibidi amweleze. Alijaribu kuanzia mbali, akazungumzia viti na nyuzi, mama akamwambia aseme kinachomleta. Ndipo akasema kwamba Mshonaji amesikia moyo wake na anataka kumpelekea basi Kota. Na kwamba basi hilo litatoka Saruji.

"Kwani nilisema nataka kwenda?" Mama alishangaa kwelikweli. "Mwambie huyo Mshonaji wenu aliyejifunza kusikiliza hajajifunza kusikia. Nikifika pale nitasimama kwenye nyasi zipi? Hata ukuta wa bafu haupo. Mimi sitaki kufika. Nataka lipite, litaje, basi."

"Hajui tofauti, Mama. Kwake moyo ukiruka ni hitaji."

"Na wewe kwako?"

Nyamizi aliyajua maneno ya ofisini, alishayatumia mwenyewe mbele ya watu. Hitaji ni dawa, shule, soko, kazi. Hamu ni mambo ya mtu binafsi. Lakini alikuwa amemwona mama yake akijitengeneza kilemba kabla ya daraja, na tangu siku ile hakujua tena mpaka wa hayo mawili unapita wapi. Alijua tu kwamba kuna mama kijana wa Saruji atakayetembea kwenye matope ya masika na uchungu njiani, na kwamba yeye akipenda anaweza kuzuia jambo hilo kwa kidole kimoja.

Alisema yote. Kwamba anaweza kumnyamazisha, na kwamba akinyamazishwa hakuna basi litakalomsikiliza tena, hata huo mguu ukizidi. Kisha akasema lililo baya zaidi, maana kuficha kumeshawatosha watu wa nyumba ile.

"Jina linatajwa kwa sababu yako peke yako. Moyo wako ukiondoka, msimu ukiisha litaacha kulitaja."

Mama aligeuka akatazama dirishani. Kutoka ghorofa ile huoni Kota, huoni chochote ila ghorofa jingine na nguo zilizoanikwa.

"Huko Saruji kuna wajawazito?"

"Wapo."

"Wanafikaje zahanati, basi lisipopita?"

"Kwa miguu."

Mama aliinuka, akashika mwiko, akaigeuza michembe iliyokuwa imeshaanza kushika chini.

"Ninyamazishe," alisema.

"Mama, tunaweza kungoja kwanza. Naweza kuwaandikia wakubwa, niwaombe..."

"Nyamizi, mimi nimemzika mwanangu bila kutoa sauti kwa sababu watu walisema ni heri kwa mtoto atakayefuata. Na kweli ukaja. Sasa hao watoto wa Saruji nao wangoje mimi nimalize kusikiliza basi? Ninyamazishe. Kunyamaza nimekuzoea."

Wakala michembe. Nyamizi hakukumbuka baadaye kama ilikuwa na chumvi.

*

Swali la mtambo lilikuwa fupi. Je, moyo huu una hitaji? Chini yake kulikuwa na Ndiyo na Hapana, zimekaa sambamba kama vile ni sawasawa.

Hilari alisimama nyuma yake, ameacha hata kutafuna. Hakuwa ameambiwa kitu, lakini hakuwa mpumbavu.

"Kama unataka nibonyeze mimi, dada..."

"Hapana."

Alikaa pale hadi chai ya saa nne ikapita. Alikuwa akitafuta jibu la tatu, kwa kuwa Hapana ilikuwa uongo. Kama kuna moyo jijini wenye hitaji, ni ule. Ungehitaji turubai, na majirani wakikaa kwenye mikeka, na mtu wa kusema pole. Vitu hivyo Mshonaji hakuwa navyo. Alikuwa na mabasi tu, na mabasi hayakutosha. Nyamizi akapiga moyo konde, akabonyeza Hapana. Ule uzi mnene ukakatika kwenye kioo, namba tisa ikanyooka na kurudi Saruji, na yeye akaenda chooni kulia.

Siku ya kusomwa uamuzi watu wa Saruji walipiga vigelegele. Bi Stamili alimfuata Nyamizi hadi nje ya ukumbi, ameshika mkungu mdogo wa ndizi ambao Nyamizi aliukataa na mwenyekiti akaubwaga tu miguuni pake.

"Niambie ukweli. Nani alikuwa anatuvutia basi?"

"Hilo siruhusiwi kulisema, Mwenyekiti."

"Sitaki jina lake. Nauliza tu, alikuwa na shida?"

Nyamizi alitikisa kichwa kukubali.

Bi Stamili, kwa mara ya kwanza, alishusha sauti. "Basi mwambie pole. Mwambie watu wa Saruji wanampa pole."

Nyamizi alilipeleka neno hilo jioni ileile, pamoja na ndizi. Mama yake alilipokea amesimama mlangoni. Tangu azae na kufiwa, ndiyo iliyokuwa pole yake ya kwanza. Na Nyamizi, akiwa amesimama pale na mkungu wa ndizi, akaona aibu kwamba hata yeye bado hajaisema.

"Pole, Mama," alisema. "Pole ya mwanao."

*

Masika yalipoanza, kituo kilichokuwa chini ya maghorofa ya waliohamishwa kilisogezwa hadi sokoni. Moyo mmoja uliokuwa ukikishikilia haukuwepo tena. Kwa hiyo kila Jumanne Nyamizi aliomba ruhusa ya asubuhi, akaja kumshika mama yake mkono, wakatembea pamoja hadi sokoni wakikwepa madimbwi. Mama alisema si lazima. Nyamizi alisema anajua.

Walipanda namba tisa, wakakaa pamoja, mama dirishani. Jumanne ya kwanza basi lilitaja Kota, mama akafumba macho. Na ya pili. Wote wawili walijua kwamba wanasikiliza masalio ya msimu, na hakuna aliyelisema. Mama alikuwa akijitengeneza kilemba kabla ya daraja kama kawaida yake, na siku hizo Nyamizi alijikuta naye anavuta blauzi yake ikae sawa.

Kisha msimu ukaisha. Hilari alipita mezani kwa Nyamizi kumwambia kwamba majina yaliyokosa mwitikio yamefutwa usiku. Aliongeza kwamba kuna jambo angependa alione kwenye kioo. Nyamizi alisema hataki kuona kioo chochote, ana safari na mama yake.

Asubuhi ile mvua ilikuwa nyepesi. Mama aliketi, akapakata mikono. Alipanda amekwisha kujiandaa kutolisikia tena lile jina. Barabara ya mfereji ilipoanza, hakunyoosha mgongo wala hakugusa kilemba. Alielekeza macho kwenye mikono yake, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani aliyehama.

Nyamizi alitazama nje kwa niaba yake. Nyasi zilikuwa zimepanda kwa mvua, kijani kibichi, hazina alama yoyote. Mahali fulani pale palikuwa na ubaridi wa bafu na kanga iliyokuwa mpya. Kaka yangu, alisema moyoni, na lilikuwa neno ambalo hajawahi kuwa na wa kumpa.

"Kota," likasema basi.

Mama aligutuka. Akageuka kulitazama tundu la sauti juu ya mlango, kisha akamgeukia binti yake, macho yamemtoka.

"Mbona limetaja? Si ulisema limefutwa? Si mlininyamazisha?"

"Tulikunyamazisha, Mama."

"Sasa linamtajia nani?"

Ndipo Nyamizi alipolielewa lile Hilari alilotaka kumwonyesha. Hakuhitaji kioo. Alikuwa ameegemea kiti, na kifua kilikuwa kinamdunda hadi kwenye shingo.

Mama yake alimtazama usoni, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akanyoosha kiganja chake chenye kukwaruza, akakiweka kifuani pa Nyamizi, juu kidogo ya blauzi, akakiacha pale.

"Unaruka," alisema mama.

"Ndiyo."

"Haya," alisema Mama, na machozi aliyokatazwa ujanani yakaanza kumtoka, bila haraka, mbele za wauza mboga na watu wote. "Haya, mwanangu. Sasa tuko wawili."

Basi likalipita daraja bila kusimama, likaenda zake Saruji.